Kwa Sababu Wewe ni Wetu

Je, yule mzee angekuwa ananichukia badala ya kuniogopa, ningebaki katika nyumba yake? Swali hili nimekaa nalo kwa miaka kadhaa na bado sina jibu. Chuki ina mahali pa kuipeleka. Mtu akikutukana, akikukatia umeme, akitupa godoro lako uani, unajua ofisi ya kwenda na maneno ya kusema. Lakini mtu anayekuomba uondoke huku amevua kofia, anayekuita mwanangu na kukuapia kwamba hana ubaya nawe, unamshtaki kwa lipi?

Nyumba yenyewe ilikuwa Singe, pembezoni mwa mji. Mbele palikuwa na nyumba kubwa ya mzee na mkewe, na nyuma nyumba ndogo tatu za kupangisha zilizotazama ua mmoja wenye bomba moja. Nyuma kabisa palikuwa na banda la ng'ombe wa maziwa ambaye mzee alimpenda waziwazi, bila haya. Dalali aliyenipeleka alinitahadharisha njiani kwamba mzee huyo hapokei wanawake wasio na waume. Mimi nilikuwa na shahada ya sosholojia, kazi ya kudumu katika ofisi ya kampuni moja inayonunua mbaazi, na umri wa kutosha kutosumbuliwa na maswali kama hayo. Hata hivyo, tulipoingia getini nilifanya jambo ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya: nilimwamkia mzee kwa lugha ya nyumbani, niliyomsikia akimsemesha mkewe.

Uso wake ulifunguka. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, kijiji gani, ukoo gani. Kabla dalali hajapata kiti, mzee alikuwa ameshagundua kwamba mama yake mdogo aliolewa ng'ambo ya bonde kutoka kwetu. "Hii sasa si kupanga," alisema, "hii ni kurudi nyumbani." Kodi aliipunguza kabla sijaomba. Tukasaini mkataba palepale mezani, na mkewe akanipa maziwa ya mgando katika kikombe kikubwa. Sikujua kwamba siku ile nilisaini mikataba miwili, na kwamba ule ambao haukuandikwa ndio ungekuja kuwa na nguvu.

Nilikaa vizuri. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa mama aliyetoka mikoa ya Ziwa, muuza mitumba sokoni, ambaye kila mtu alimwita Mama Pacha kwa sababu ya mapacha wake wawili waliokuwa wakikimbia uani bila viatu. Hakuwa na mume, wala hakuficha. Mapacha aliwapata akiwa mpangaji katika ua ule ule. Alinisimulia mara nyingi jinsi mama mwenye nyumba alivyompikia uji aliporudi kutoka hospitali, na jinsi mzee alivyowabeba watoto, mmoja kila mkono, akawaonyesha wageni waliotoka ibadani. "Mzee huyu ana roho," alikuwa akisema. "Baba yangu mwenyewe hakunifanyia hivyo."

Nilipofikisha miaka arobaini nilipata mimba. Baba wa mtoto alikuwa mtu wa makamo kama mimi, anayeishi mkoa mwingine. Tulikuwa tumekubaliana kutooana, na sababu zake zinatutosha sisi wawili. Nilikuwa nimekwisha kulia na kumaliza kulia juu ya kutopata mtoto, kwa hiyo mimba ile niliipokea kama mtu aliyeletewa mlangoni kitu alichokwisha kukizika. Nilitaka jambo moja tu: nimlete mtoto katika chumba kile, ambacho dirisha lake lilipata jua la asubuhi, na nisilazimike kumwomba mtu radhi kwa kuwepo kwake.

Wa kwanza kuniambia kwamba mimba imeonekana hakuwa mtu, yalikuwa maziwa. Kila asubuhi wapangaji tulipanga mstari bandani na majagi yetu. Siku hiyo zamu yangu ilipofika, mama mwenye nyumba alitazama pembeni.

"Maziwa yameisha, mwanangu."

Alisema kwa Kiswahili. Tangu nihamie hakuwahi kusema nami Kiswahili.

Mama Pacha alikuwa nyuma yangu. "Yameisha vipi, mama, na hiyo ndoo inatoa povu? Au ng'ombe siku hizi anachagua wateja?"

Mama hakucheka. Alimmiminia Mama Pacha jagi lake likajaa, na mimi nikarudi ndani na jagi tupu, nikijua.

Inanibidi nieleze. Kwetu, katika zamani ambayo nilidhani imepita, msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa hakuruhusiwa kujifungulia chini ya paa la baba yake. Alitolewa, akakaa kando, mara nyingine kwa watu wa kabila jingine. Hakuna wa kwao aliyekula naye wala kumpa maziwa, mpaka siku zake zipite na atakaswe. Iliaminika kwamba alibeba kitu kinachoambukiza, na kwamba kitu hicho kingeingia katika nyumba iliyomhifadhi, katika mifugo yake na katika watoto wake. Chuo kikuu niliandika insha kuhusu desturi hiyo, kutoka aya ya kwanza hadi ya mwisho kwa wakati uliopita. Nilipata alama nzuri.

Siku chache baadaye, jua likielekea kutua, mzee alikuja kwangu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Nilimkaribisha ndani. "Hapa panatosha," alisema, akakaa kwenye ngazi, mgongo wake ukielekea mlango wangu.

"Mwanangu, hilo tumbo lina mwenyewe?"

"Mwenyewe ni mimi, Baba."

Alichora ardhi kwa ncha ya fimbo. "Mimi sikufukuzi. Usinielewe vibaya. Nenda ukajifungulie pengine, ukae huko mpaka mambo yaishe, ufanyiwe yanayofanywa, kisha urudi. Vitu vyako viache humu. Mlango nitaufunga mimi. Hakuna atakayegusa hata kijiko chako."

"Baba, nitajifungua hospitali. Sijifungulii humu."

"Utatoka humu ukiwa hivyo, utarudi humu na damu."

"Mama Pacha alitoka humu, akarudi humu na watoto wawili. Ukawabeba."

"Yule si wetu," alisema, na hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayetaja upande ambao mto unaelekea. "Ya kwao hayatugusi. Wewe ni wetu."

Nikamkumbusha kwamba yeye ni mzee wa kanisa. Kwa mara ya kwanza aligeuka, akanitazama, na nikaona jinsi alivyochoka. "Ingekuwa dhambi, ningekusamehe jana, mwanangu. Dhambi inasameheka. Hili si dhambi."

Watu wengi wamenyimwa nyumba kwa kuwa wageni. Nawajua, wengine nilifanya nao kazi: aliyeulizwa dini yake kupitia tundu la geti, aliyeambiwa kwamba watu wa mkoa wake hawalipi, aliyekuwa na mtoto mwenye ulemavu. Mimi niliombwa kuondoka kwa kuwa si mgeni. Ningemwamkia mzee kwa Kiswahili siku ile ya kwanza, ningesema natoka Singida au Tabora, maziwa yangeendelea kumiminwa na uji ungepikwa.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Alikuwa mtu wa kuja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwepesi wa kusikiliza.

"Kodi unadaiwa?"

"Sidaiwi."

"Umeharibu kitu? Mmegombana? Kuna kelele, kuna walevi wanakuja?"

"Hakuna."

"Basi mkataba haujaisha, hawezi kukutoa. Hilo liko wazi kabisa." Nikashusha pumzi. Akachukua kalamu. "Anasema sababu ni nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Wewe na mzee ni kabila moja?"

"Ndiyo."

Kalamu ikarudi mezani. "Aa. Sasa hayo, dada yangu, ni ya kifamilia. Mkakae na wazee wenu muyamalize. Mimi nikiingia hapo nitaambiwa naingilia mila za watu."

"Na angekuwa amemwambia hivyo jirani yangu wa kutoka Ziwa?"

"Huyo? Ningemwita mzee hapa leo leo, nimwambie aache ubaguzi."

Sidhani kwamba alisikia alichokisema. Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, nami niliyajua maneno hayo tangu sekondari. Lakini kati ya Katiba na lile banda la ng'ombe palikuwa na meza ya mwenyekiti, na kwenye meza hiyo niliacha kuwa mpangaji, nikawa binti wa watu.

Niliamua kukaa. Sikuaga, sikugomba. Nilifagia mbele ya mlango wangu kama kawaida na kwenda kazini kama kawaida. Mama Pacha alianza kununua maziwa mengi kuliko mahitaji yake na kunigawia ukutani, kule nyuma ambako hatukuonekana. Yeye aliamini kwamba tatizo ni kukosa mume tu, na tatizo la namna hiyo alilijulia dawa.

"Sikia, mama kijacho. Nina kaka yangu yuko Mirerani. Tumlete. Avae koti, akae sebuleni kwa mzee, aseme mimba ni yangu, samahani sana, wazee wangu."

"Watamuuliza ukoo wake."

"Atautaja. Ana ukoo mrefu huo, mpaka watasinzia."

"Watamdai mahari."

Akafikiri. "Aa, hapo kaka yangu atakimbia. Hata ya yule aliyenaye hajamaliza." Tulicheka mpaka nikashika tumbo. Kisha akaacha kucheka. "Lakini mbona mimi hawakuniuliza mume?"

Nilijua jibu, lakini nilimpenda mno, sikuweza kumpa.

Ndipo ng'ombe akaugua. Kiwele kilivimba upande mmoja, akagoma kukamuliwa, akalala. Daktari wa mifugo alikuja, akamchoma sindano, akasema mbele yetu sote kwamba huo ni uambukizo wa kawaida unaoletwa na mikono michafu na banda lisilokaushwa. Mzee alimsikiliza kwa makini, akamshukuru, akamsindikiza hadi getini. Aliporudi alimuuliza Mama Pacha jambo moja tu: yale maziwa ya ziada yalikuwa yakienda wapi? Mama Pacha, ambaye hakujua kwamba kuna cha kuficha zaidi ya uchoyo wa bibi mmoja, akasema, "Kwa jirani yangu, mzee. Kuna mjamzito asiyekunywa maziwa?"

Mzee hakupaza sauti. Alikuja mlangoni kwangu, safari hii hakukaa. Alivua kofia. Alikuwa na umri wa baba yangu, ambaye alikuwa kaburini miaka mingi, na alisimama mbele yangu kichwa wazi. "Nakuomba, binti yangu," alisema. "Nakuomba tu." Sijawahi kushindwa na mtu kama nilivyoshindwa na mzee yule. Ningeweza kumwambia habari za bakteria. Daktari alikuwa ameshamwambia.

Nikaanza kutafuta nyumba. Dalali alinizungusha mjini kwa pikipiki taratibu, akikwepa mashimo kwa ajili ya tumbo langu. Mama mmoja alisema anataka mtu na mumewe, kwa sababu mwanamke wa peke yake huleta wanaume. Mwingine alisema mtoto mchanga huchafua kuta. Wa tatu aliniuliza nasali wapi, na nilipomjibu akakumbuka kwamba chumba kimekwisha kuchukuliwa. "Dada," dalali aliniambia tulipokuwa tukiondoka kwa huyo wa tatu, "siku nyingine uje na mwanaume yeyote. Hata mimi nakufaa. Nasimama tu pale pembeni kama mlingoti." Nyumba pekee iliyokubali ilikuwa Bonga, barabara ya Dodoma, vyumba viwili visivyo na dari, ukuta haujapigwa lipu. Mwenyewe alikuwa anaishi mkoa mwingine, hakutaka kujua jina langu wala la ukoo wangu. Niliitazama, nikasema nitafikiri, nikarudi Singe na moyo mzito, kwa sababu bado nilikitaka kile chumba chenye jua la asubuhi.

Jioni moja nilirudi kutoka kazini nikakuta viatu vyenye udongo mwekundu mlangoni kwa mzee. Nilivitambua kabla sijavifikia. Ni vya kaka yangu mkubwa, aliyenilea baada ya baba kufariki, aliyenisindikiza chuoni akibeba sanduku langu kichwani. Mzee, ambaye siku ya kwanza aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, alikuwa ameuliza watu wa kijijini mpaka akampata. Mwenye nyumba mwingine yeyote angekuwa na mpangaji tu. Huyu alikuwa na kaka yangu.

Niliitwa. Kiti changu kilikuwa kimewekwa karibu na mlango, mbali na vingine.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesema nini?"

"Ningesema haya ninayosema sasa."

"Basi niseme na mimi. Nirudi nyumbani, nikajifungulie kwa mama."

Mzee alikohoa. "Unajua haiwezekani," kaka yangu alisema. "Mama anakusalimu. Amesema ukishamaliza, uje."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, lakini si kwa hilo neno, ukishamaliza, likiwa limetumwa na mama yangu kama salamu.

Walikuwa wamepanga kila kitu. Kaka alikuwa amepata chumba Mutuka, kwa watu wa mkoa mwingine ambao hawakujali. Ningekaa huko mpaka nitakaswe, vitu vyangu vibaki kwa mzee, kisha nirudi. Gari lingekuja kabla hakujapambazuka, wapangaji wengine wakiwa bado wamelala. "Ukiulizwa na yeyote," kaka alisema, "sema umehamishwa kikazi. Kwa heshima ya mzee hapa, na ya kwetu."

"Ni kwa faida yako pia, binti yangu," mzee akaongeza, na naamini alimaanisha.

Niliwatazama. Wote wawili walinipenda, wakashauriana juu yangu kama watu wanaoshauriana juu ya shimo la choo: lihamishiwe wapi, lifunikwe na nini, wageni wasije wakaliona. Nikasema, "Nimesikia." Wakalichukua hilo kuwa kukubali.

Nilirudi ndani, nikampigia dalali, nikamwambia nachukua vile vyumba vya Bonga na nahitaji gari dogo la mizigo asubuhi, jua likishatoka. Kisha nikaanza kufunga vitu. Vyote. Mapazia, ndoo, sufuria, vitabu, hata waya wa kuanikia nguo, kwa kuwa niliununua mimi. Singerudi Singe nikiwa nimetakaswa. Nisingeacha hata kijiko cha kulindwa.

Gari la kaka lilikuja giza bado lipo, likazima taa getini. Kaka, aliyelala kwa mzee, alitoka akiwa amejifunga shuka begani, akanikuta nimekaa kwenye ngazi yangu, vitu vyangu vimepangwa uani.

"Mbona hupakii?"

"Gari hili sipandi. Mwambie aende."

"Unasubiri nini sasa?"

"Watu waamke."

Alielewa. Alisimama pale, akaliita jina langu la utotoni, lile ambalo yeye peke yake amebaki akilitumia, na sikuitika. Gari likaondoka tupu. Kukapambazuka taratibu. Milango ikaanza kufunguka, mpangaji wa nyumba ya tatu akatoka na mswaki mdomoni, Mama Pacha akaja bombani na ndoo zake, mapacha nyuma yake. Mama mwenye nyumba akasimama mbele ya banda. Mzee akatokea mlangoni kwake, akabaki hapo. Kigari cha dalali kikaingia, dereva akaanza kupakia kitanda.

"Jamani, jirani, unahama?" Mama Pacha alisema. "Bila hata kuniaga?"

"Nahama. Sijahamishwa kikazi," nikasema, kwa sauti ya kumfikia kila mtu pale uani. "Nimetakiwa kutoka kwa sababu nina mimba na sina mume, na kwa sababu mimi ni wa kabila la mzee. Hana ugomvi na mimi. Anaogopa kwamba nitaleta madhara ndani ya nyumba yake."

Kaka yangu alijifunika uso kwa shuka. Maji yalifurika kwenye ndoo ya Mama Pacha, na yeye hakufunga bomba.

"Lakini mimi nilizaa nikiwa hapa hapa," alisema, akimtazama mzee. "Mzee, si uliwabeba hawa?"

Mzee aligeukia banda. Nikamjibu mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeamua usiku kucha kutomwachia mtu yeyote pale uani uongo wa kukaa nao. "Wewe si wao, Mama Pacha. Kwako hawana cha kuogopa."

Aliwatazama mapacha wake waliokuwa wakichezea matope ya bombani. "Kumbe," alisema polepole. "Mimi nilidhani ananipenda."

Nikatoa funguo, nikaziacha kwenye kitasa cha mlango. Nikapanda mbele, nikamwambia dereva twende Bonga.